Popobawa: Kitisho cha Pwani na Sharti la Kusema

Katika historia ya Kiswahili yapo maneno yaliyokuzwa na hofu. Sisi wa Lubumbashi tunalijua mojawapo: batumbula. Katika enzi ya Wabelgiji, mji huu ulipoitwa Élisabethville, ilisemekana kwamba batumbula huwateka Waafrika usiku kwa faida ya Wazungu. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu, alionyesha kwamba visa vya namna hiyo havipimwi kwa kuuliza tu kama vilitokea. Vinatufunulia pia yale ambayo wasimulizi walitaka kuyasema. Makala haya yanakusudia kukitumia kipimo hicho kwa kitisho cha pwani, yaani Popobawa wa Zanzibar.

Neno lenyewe limeundwa kwa nomino mbili, popo na bawa. Upatanisho wake, hata hivyo, ni wa kiumbe mwenye uhai: husemwa Popobawa amekuja, wala si limekuja. Mapema mwaka 1995, wakati wa Ramadhani, habari zake zilienea kisiwani Pemba, zikavuka hadi Unguja, kisha zikafika Dar es Salaam. Ilisimuliwa kwamba huingia nyumbani usiku, humlemea aliyelala hata asiweze kupiga kelele, kisha humwingilia, awe mwanamume au mwanamke. Watu wengi, vijana kwa wazee, walihama vyumba vyao wakakesha nje pamoja, kando ya moto.

Jambo linalostahili kuchunguzwa zaidi ni sharti la kisa hicho: aliyeshambuliwa hana budi kuwasimulia wengine, la sivyo atarudiwa. Katika jamii inayothamini sitara, sharti hilo si dogo. Lugha ya pwani ilikuwa tayari na majina ya kumtajia mwanamume apendaye wanaume, kama vile hanithi, au shoga, neno ambalo wanawake huitana kwa urafiki. Lakini majina hayo aghalabu hubandikwa mtu wa tatu. Kisa cha Popobawa kilimwezesha mwanamume kutumia nafsi ya kwanza, akaeleza yaliyoupata mwili wake bila kupoteza heshima yake. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017, ameonyesha kwamba mazungumzo haya yaliwafungulia Watanzania mlango wa kuzungumzia mambo ya kijinsia ambayo kwa kawaida hunyamaziwa.

Mlango huo ulikuwa na gharama yake. Ndani ya kisa, tendo baina ya wanaume halionekani ila kama shambulio la jini. Ilhali Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, aliwaeleza wanaume na wanawake wenye mahusiano ya jinsia moja kuwa watu waliojulikana mitaani na wenye nafasi yao katika jamii. Baadaye magazeti ya nchi za nje yalikipotosha kisa zaidi kwa kumfanya Popobawa kuwa adui wa wanaume pekee, na kuwasahau wanawake waliosimulia kwamba nao walishambuliwa.

Isitoshe, hofu ilimwaga damu. Mwaka huo huo wa 1995, mjini Zanzibar, umati ulimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Martin Walsh, aliyechunguza mkasa huo, ameeleza pia jinsi ulivyotiwa siasa: uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umekaribia, ukafanyika Oktoba, na baadhi ya watu waliona mkono wa serikali katika kitisho hicho. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipitisha sheria ya kuadhibu mahusiano ya jinsia moja. Hatudai kwamba Popobawa ndiye aliyeizaa sheria hiyo. Tunachosema ni kwamba, mbele ya sheria, hakuna kisa kilichowapa wahusika ruhusa ya kusema kwa nafsi ya kwanza.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi atakayekusanya visa hivi, na kijana atakayevitungia hadithi ya kutisha, hawana budi kutenganisha mambo mawili. Mateso ya aliyelemewa usiku ni ya kusikilizwa kwa huruma. Mapenzi ya watu walio hai ni jambo jingine, nayo hayakuhitaji jini ili yawepo. Aliyekufa mwaka 1995 hakuwa na mbawa; alikuwa mgonjwa aliyekutana na umati wenye hofu.