Kijana Aliyelala Kati ya Maiti

Mwezi wa Agosti 1572 wakuu wa Waprotestanti walikuwa Paris kwa ajili ya arusi ya Henri wa Navarre. Mfalme Charles IX akaridhia wauawe. Na usiku wa kuamkia tarehe 24 mauaji yakaanza, yakaenea mjini. Bwana François de Caumont aliuawa pamoja na mwanawe mkubwa. Mdogo, Jacques, mwenye miaka 13, akaanguka kati yao bila jeraha, akanyamaza kama maiti. Baadaye maskini mmoja akamwona, akamhurumia, akamfikisha kwa jamaa zake. Jacques akawa jemadari mkuu wa Ufaransa, akafa mwaka 1652 katika imani ya baba yake. Nasi tukumbuke: ukoo ule uliokolewa na mnyonge.