Chaja ya betri isiyojizima

Chaja ya betri isiyojizima ni kifaa kinachoushusha umeme wa volti 230 kwa transfoma, kisha kuupitisha kwenye daiodi ili utoke ukiwa mkondo wa upande mmoja, unaofaa kuchaji betri ya risasi na asidi. Betri hiyo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Chaja ya aina hii haitambui kwamba betri imejaa. Itaendelea kusukuma umeme mpaka mtu aizime, na hatari zake karibu zote zinaanzia hapo.

Mkoani Singida chaja hizi ni vifaa vya gereji na vibanda vya mafundi. Mbali na betri za magari, huletwa za bodaboda, za trekta na za sola zilizoishiwa chaji siku za mawingu, nyingine zikiwa zimefungwa kwenye keria ya baiskeli. Betri yenye vizibo isafirishwe ikiwa imesimama, maana ikilala huvuja asidi, na suruali iliyopatwa na asidi hutoboka baada ya kufuliwa.

Kwanza hakikisha swichi ya volti inalingana na betri: 6, 12 au 24. Kisha mkondo. Kanuni ya kawaida ni sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri, kwa hiyo betri ya ampea-saa 70 hupewa ampea 7, nayo ikiwa tupu huchukua saa 12 hivi. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 haihitaji hata ampea 1. Kuipa 10 kwa sababu mwenye bodaboda ana haraka ni kuipasha moto na kuzipinda bamba zake.

Chaja ikiwa bado imezimwa, kibanio chekundu hukaa kwenye chanya na cheusi kwenye hasi, ndipo swichi iwashwe. Kumaliza ni kinyume chake: zima kwanza, bandua baadaye. Kubandua kibanio umeme ukiwa unapita hutoa cheche, na betri inayokaribia kujaa hutoa haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Singida ni nchi ya upepo na vumbi, na fundi hushawishika kufunga mlango. Asifunge. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Betri ya volti 12 ina seli sita. Zikianza kutoa mapovu sawasawa, na haidromita, yaani kipima uzito wa asidi, ikasoma karibu 1.27 bila kupanda katika vipimo vya saa mbili mfululizo, betri imejaa. Seli moja ikibaki chini huku nyingine zimepanda, hiyo imekufa, na kuongeza saa za kuchaji hakutaifufua. Joto likifika nyuzi 50 za Selsiasi, zima usubiri ipoe.

Kinachopungua kwa mapovu ni maji, hivyo kinachorudishwa ni maji ya betri, wala si asidi. Chupa za maji hayo na za asidi hufanana dukani, kwa hiyo soma kibandiko. Usitumie maji ya kisima: visima vingi vya Singida vina maji ya chumvi, na madini yake huharibu bamba. Jaza baada ya kuchaji. Bamba zikiwa wazi kabla, zifunike kidogo tu, kwani maji hupanda wakati wa kuchaji.

Umeme ukikatika, zima swichi. Ukirudi usiku wa manane chaja itaendelea peke yake, hesabu ya saa ikiwa imevurugika na mlinzi amelala.

Miwani na glavu za mpira ni vya lazima, ingawa vibanda vingi havina. Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yametulia. Magadi ni ya kumwagia asidi iliyo sakafuni. Yasitiwe jichoni kamwe.