Kwa nini agoni inatangulia potasiamu kwenye jedwali la elementi?

Ukiangalia vizuri jedwali la elementi utakuta jambo la ajabu. Agoni (Ar), yenye masi ya atomi 39.95, iko nafasi ya 18. Potasiamu (K), ambayo ni nyepesi kidogo, 39.10, iko ya 19. Je, wamekosea? Hapana.

Mendeleev mwaka 1869 alipanga jedwali lake kwa kufuata zaidi masi. Siku hizi kinachohesabiwa ni protoni ndani ya kiini: agoni 18, potasiamu 19, basi. Uzito wa agoni unatokana na nyutroni. Atomi zake nyingi zina 22, za potasiamu nyingi zina 20.

Ukizibadilisha nafasi mambo yanaharibika. Potasiamu (2:8:8:1) ina elektroni moja nje na ikigusa maji inawaka. Utaiwekaje kundi moja na neoni, gesi isiyotaka kuungana na kitu? Kwa hiyo kwenye mtihani ukiulizwa elementi zimepangwa kwa kufuata nini, andika namba ya atomi, usiandike masi.

Aliyethibitisha hilo kwa eksirei, mwaka 1913, ni Mwingereza Henry Moseley. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27 tu.