Setilaiti iliitwa Uhuru, lakini mizani ilikuwa ya nani?

Wasee, mimi ni wa Rongai. Hapana, sio ile ya Kajiado yenye matatu za kelele. Rongai ya Nakuru, ya mahindi. Huku ukiuza gunia, kabla hujauliza bei unaangalia mizani. Ni ya nani, na nani ameihakikisha? Shikeni hilo swali.

12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA ya kilo 140 hivi. Waliorusha ni Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma, chini ya Profesa Luigi Broglio. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu.

Ilienda kupima eksirei zinazotoka kwa nyota. Hewa yetu huzizuia, kwa hivyo hata ukipanda Menengai huoni kitu. Mwaka 1962 timu ya Riccardo Giacconi ilipima kwa roketi, lakini roketi hukaa juu dakika chache tu kisha inaanguka. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili.

Kigunduzi chenyewe ni kama sanduku la gesi lenye nyaya za umeme mkali ndani. Eksirei ikiingia, inang'oa elektroni kwenye gesi, umeme unazizidisha, na waya unatoa mdundo mdogo. Eksirei yenye nguvu zaidi hutoa mdundo mkubwa zaidi.

Sasa, mdundo ni mdundo tu. Utajuaje unamaanisha nguvu kiasi gani? Hapo ndipo mizani inaingia. Vigunduzi vya aina hii hupimwa kwanza kwa kitu kinachojulikana. Kwa mfano, chuma-55 hutoa eksirei za kiloelektronivolti 5.9, leo na kesho. Ukijua mdundo wake, unaweza kusoma mingine. Bila hatua hiyo una kelele, sio sayansi.

Na Malindi haikuchaguliwa kwa sababu ya ufuo mzuri. Ukirusha karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unakusukuma bure. Pia setilaiti inayobaki juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za umeme zilizojaa juu ya Atlantiki ya kusini, ambazo zingechafua vipimo.

Matokeo? Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba Cygnus X-1 inabadilika ndani ya sehemu ya sekunde, dalili kwamba kitu chenyewe ni kidogo sana. Hicho ndicho kikaja kuwa shimo jeusi la kwanza kukubalika na wanasayansi wengi. Giacconi alipata Nobeli mwaka 2002.

Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Vigunduzi vilitengenezwa Marekani, na data ikasomwa huko. Silaumu mtu, 1970 tulikuwa taifa changa. Lakini 15 Aprili 2023 Taifa-1, setilaiti yetu, ilirushwa kutoka California, na watu wakalia mtandaoni: mbona sio Malindi? Kwangu hilo sio swali kubwa. Historia ya Uhuru inaonyesha kwamba mwenye uwanja sio lazima awe mwenye matokeo. Matokeo ni ya aliyetengeneza kipimo na anayejua kukihakikisha.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia ambapo vigunduzi vya miale ni kazi ya kawaida. Wangapi kati yenu mliambiwa hivyo mkiwa Form Four? Nilikosoma mimi, ammita moja ilizungushwa kwa watu kumi, na nusu yetu tulinakili majibu. Tukitaka kitu kwa serikali, tuanzie hapo: kila mwanafunzi wa fizikia ashike kipimo chake mwenyewe, akikague kikidanganya, akirekebishe. Mambo ya jukwaa la kurushia tutaongea baadaye.