Msimu wa Leicester City 2015–16

Msimu wa 2015–16 ulikuwa wa pili mfululizo kwa Leicester City, klabu ya mpira wa miguu ya mji wa Leicester, katika Ligi Kuu ya Uingereza tangu ilipopanda daraja mwaka 2014.

Msimu uliotangulia klabu ilishika mkia kwa miezi kadhaa. Ilinusurika kushuka daraja kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho, ikamaliza katika nafasi ya 14. Hata hivyo, kocha Nigel Pearson alifutwa kazi tarehe 30 Juni 2015.

Tarehe 13 Julai aliteuliwa Claudio Ranieri, Mwitalia aliyewahi kufundisha Chelsea na Juventus. Wengi walitilia shaka uteuzi huo, kwa kuwa Novemba 2014 aliachishwa kazi na timu ya taifa ya Ugiriki baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe.

Ranieri alitegemea ulinzi imara na mashambulizi ya kushtukiza. Jamie Vardy alifunga mabao 24 ya ligi na Riyad Mahrez 17. Leicester ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi hiyo kwa pointi 81, 10 zaidi ya Arsenal.

Tarehe 23 Februari 2017, timu ikiwa tena karibu na eneo la kushuka daraja, Ranieri naye alifutwa kazi.