Ngozi ya Kiatu, Asbesto na Joto la Breki

Agosti 1888, Bertha Benz alichukua gari la mumewe bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, akaondoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Gari lile la magurudumu matatu lilisimamishwa kwa vipande vya mbao vilivyobana magurudumu ya nyuma. Miteremko ikazila zile mbao. Njiani Bertha akamtafuta fundi viatu, akamwagiza azigongomelee ngozi, kisha safari ikaendelea.

Wajerumani hupenda kusema kwamba siku hiyo ndipo pedi ya breki ilipozaliwa. Sina ugomvi nao, ila ninachokipenda zaidi katika kisa hicho ni yule fundi viatu, kwa sababu viatu vinarudi tena miaka michache baadaye huko Uingereza. Herbert Frood, mtu wa milima ya Derbyshire, aliona wenye mikokoteni ya farasi wakifunga viatu vikuukuu kwenye mbao za breki ili zishike vizuri wanaposhuka. Akaanza kujaribu malighafi yake mwenyewe bandani, na mwaka 1897 akaanzisha biashara. Jina la Ferodo, ambalo mafundi wetu wanalijua kwa kuliona kwenye maboksi ya spea, ni herufi za Frood zilizopangwa upya na kuongezewa E ya mkewe, Elizabeth.

Shida ya Frood haikuwa msuguano peke yake. Breki haiui mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima liende mahali. Chukua gari la michezo la kilo 1,400 linaloingia kona kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80. Nishati inayoachwa katika sekunde zile chache ingetosha kuchemsha zaidi ya lita tano za maji ya bomba. Kona inayofuata, sufuria nyingine. Aliyewahi kushuka mteremko wa Kitonga nyuma ya lori lililojaa anaijua harufu ya joto hilo.

Pamba na nywele zilizoloweshwa lami, ambazo Frood alianza nazo, ziliungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 akahamia kwenye asbesto, nyuzi za mwamba zisizoshika moto, zinazofumika kama kitambaa, tena kwa bei nafuu. Ikawa ndiyo breki ya dunia nzima kwa zaidi ya nusu karne. Gharama yake ilianza kuonekana mapema mno: mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto cha Turner Brothers huko Rochdale, na daktari aliyemchunguza akaandika kwamba vumbi la asbesto liliharibu mapafu yake. Hata hivyo Uingereza haikuipiga marufuku kabisa hadi 1999, na Umoja wa Ulaya ukafuata 2005. Katikati ya miaka hiyo, mafundi wangapi walipuliza vumbi la breki kwa kompresa, nyuso zao zikiwa karibu kabisa na gurudumu?

Umbo la breki nalo lilikuwa na kasoro yake. Katika breki ya dramu, viatu vya breki vimefungiwa ndani na joto halina pa kutokea. Dramu ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu, na dereva anakanyaga pedali bila kupata jibu. Dawa ilikuwepo tangu 1902, pale Frederick Lanchester wa Birmingham alipopata hataza ya breki ya diski: bamba la chuma linalozunguka hewani, likibanwa pande mbili. Lakini shaba aliyoitumia kubania ilipiga kelele kiasi cha kuwakera watu, na wazo likalala.

Liliamshwa na mbio za magari. Uwanja wa Le Mans wakati huo ulikuwa na barabara iliyonyooka ya Mulsanne, karibu kilomita sita, iliyoishia kwenye kona kali, na gari lililazimika kuirudia kwa saa 24. Mwaka 1953 Jaguar walikwenda huko na C-Type zilizofungwa diski za Dunlop. Wapinzani wenye dramu walilazimika kufunga breki mapema na kuzihurumia kadiri usiku ulivyosonga. Tony Rolt na Duncan Hamilton walichelewa kukanyaga, mzunguko baada ya mzunguko, wakashinda kwa wastani wa kilomita 170 kwa saa. Mercedes walipokwenda Le Mans mwaka 1955 wakiwa bado na dramu, ilibidi wafunge nyuma ya dereva kibao kikubwa kinachonyanyuka ili upepo usaidie kupunguza mwendo. Oktoba mwaka huohuo Citroën DS ikaonyeshwa Paris, diski zikiwa kwenye magurudumu ya mbele, na teknolojia ya mbio ikawafikia watu wa kwenda kazini.

Hapo ndipo lilipoanza tatizo linalowasumbua leo wenye Porsche na Mazda MX-5 wanaolipia siku moja ya kuendesha katika uwanja wa mbio wa Silverstone, au kuingia Nürburgring, uwanja wa 1927 wenye kilomita 20.8 katika njia yake ya kaskazini. Gari lao ni moja, kazi ni mbili. Pedi ya barabarani, nyuzi zilizogandishwa kwa resini, inashika asubuhi ya baridi na haina kelele. Ikishapita nyuzijoto mia kadhaa resini inaanza kutoa gesi na pedi inateleza. Pedi ya mbio, yenye madini mengi, inastahimili joto hilo, lakini ikiwa baridi inashika shingo upande na kuila diski. Breki za kaboni za magari ya Formula 1, zilizoingizwa na Brabham katika miaka ya 1970, ndizo mfano wa kupindukia: bila moto hazifai kitu.

Muuzaji atakayekuambia pedi moja inaziweza kazi zote mbili kwa ukamilifu anauza maneno. Mimi ningeanza na kitu cha bei ndogo zaidi: mafuta ya breki. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na mafuta yakichemka pedali inazama hata kama pedi ni ya dhahabu.

Shaba nayo, ambayo kwa miaka mingi ilichanganywa kwenye pedi ili isambaze joto, inaondolewa. Vumbi lake husombwa na mvua hadi mitoni na kuwadhuru samaki, kwa hiyo California na jimbo la Washington zilipitisha sheria mwaka 2010 za kuipunguza hadi chini ya asilimia 0.5 ifikapo 2025. Wakemia wamerudi maabara.

Wenye uzoefu hawasubiri majibu yao. Wanafika uwanjani na jeki na seti ya pili ya pedi kwenye buti, wanafungua kalipa, wanabadilisha. Jioni wanazirudisha za barabarani. Wavivu huondoka na zilezile za mbio, na kwenye taa za kwanza za mjini gari linalia mlio uleule uliomshinda Lanchester.