Viongeza utamu bandia katika ujauzito

Viongeza utamu bandia ni kemikali zinazokoleza kinywaji au chakula kwa kiasi kidogo mno kuliko sukari. Katika duka la kijijini Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, mjamzito hukutana navyo kwenye soda zisizo na sukari na kwenye baadhi ya pakiti za juisi ya unga, ile inayochanwa kwa meno na kutikiswa ndani ya chupa ya maji. Majina yamo nyuma ya pakiti kwa maandishi ya kusoma kwa shida, pengine namba tupu: 951 ni aspatame, 952 saiklameti, 954 sakarini, 955 sukralosi.

Aspatame

Ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mkemia Mmarekani James Schlatter aliigundua mwaka 1965 alipolamba kidole kilichokuwa kimeigusa ili ainue karatasi. Tumboni huvunjika kuwa asidi aspatiki, fenilalanini na methanoli kidogo, vitu vilivyomo pia katika vyakula vya kawaida. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) imeweka kikomo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikakithibitisha tena Julai 2023. Mwezi huohuo wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliitia katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na habari hii ndiyo iliyovuma. Kwa mama wa kilo 60 kikomo ni miligramu 2,400, yaani makopo 8 hadi 12 ya soda yenye miligramu 200 hadi 300 kila moja. Anayepaswa kuikwepa kabisa ni mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini: fenilalanini ikizidi katika damu yake huharibu ubongo wa mtoto tumboni.

Uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2010, uliohusisha wajawazito 59,334, uliona watoto njiti zaidi kwa wanywaji wa kila siku wa soda za utamu bandia. Huo ni uhusiano; chanzo hakikuthibitishwa.

Nyinginezo

Sakarini hupita kondo la nyuma, hivyo wataalamu wengi hushauri iachwe. Saiklameti ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1969. Sukralosi huhesabiwa salama kwa kiasi.

Asali

Kibondo na Kasulu ni nchi ya miombo na mizinga, na asali huonwa kuwa mbadala wa heri. Kwa mwenye kisukari cha mimba ni sukari tu, hata ikiwa mbichi na safi. Mjamzito asiye na kisukari anaweza kuila. Mtoto asiyetimiza mwaka asionjeshwe, kwa hatari ya botulizimu.

Udhibiti

Tangu 2019 usalama wa vyakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).